Mtaa Uliopewa Jina la Mweka Hazina



Leo tuanzie Jogoo Road. Mimi nimelelewa Jericho, na utoto wangu wote nilisikia makondakta wakiita "Ofafa! Ofafa!" bila kujiuliza huyo Ofafa alikuwa nani. Kaka yangu aliniambia alikuwa golikipa. Nikaamini, maana Jericho ya siku zile kila mtu wa maana alikuwa ama mchezaji wa kandanda ama mpiga gitaa.

Ambrose Ofafa hakuwa golikipa. Alikuwa diwani wa jiji la Nairobi, na alikuwa mweka hazina wa Luo Union. Aliuawa hapa hapa jijini mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari. Wenzake walimlilia, kisha wakachanga pesa wakajenga ukumbi wa kumbukumbu yake kule Kisumu. Na nyumba zilizojengwa huku Eastlands katika miaka hiyo zikabeba jina lake: Ofafa Jericho, Ofafa Maringo, Ofafa Kunda. Fikiria jambo hilo kidogo. Upande huu wa jiji una Kariokor, jina lililotokana na wapagazi wa vita vya kwanza. Una soko la Burma, lenye jina la vita vya pili. Una Jericho na Jerusalem za Biblia. Na katikati yake una mtaa wenye jina la mtu aliyekuwa akishika pesa za wenzake, na wenzake walimwamini kiasi cha kumchangia hata baada ya kufa.

Kwa nini namleta Ofafa asubuhi hii? Ni kwa sababu ya ujumbe niliopokea wiki iliyopita kutoka kwa mama mmoja anayeishi Umoja. Huyu mama ni katibu wa kikundi kilicho Hamisi, kaunti ya Vihiga. Wana chemchemi yao kule, ambayo nyanya zao walichota maji, ila sasa ng'ombe huingia ndani yake na mvua ikinyesha hujaa tope. Wanataka kuijengea ukuta wa saruji, waweke mabomba mawili na ngazi za kushukia, ili mtoto ajaze mtungi bila kukanyaga maji. Mama anauliza: "Mtangazaji, hao wafadhili hupatikana wapi? Na nani anaweza kutuandikia proposo?"

Nilimjibu kwa swali. Nilimwambia, mama, daftari lenu la hesabu liko wapi leo, na mara ya mwisho liliandikwa lini? Jibu lake ninalo hapa kwenye simu. Nitawaambia tukifika mwisho, kwa hiyo msiende kuchemsha chai.

Kwanza niseme kwamba swali la mama huyu ni la zamani sana katika mitaa hii. Watu wa Eastlands hawajawahi kuishi mahali pamoja. Mguu mmoja uko Kaloleni, mwingine uko Siaya au Vihiga au Machakos. Ile Luo Union ya Ofafa, na vyama vya Waluhya vya wakati huo, vilifanya mikutano yao katika kumbi za mitaa hii, Kaloleni hasa, lakini pesa zao zilifanya kazi mashambani: karo, mazishi, nyumba za shule. Mwaka 1947 Oginga Odinga alianzisha kampuni ya Luo Thrift and Trading, na mtaji wake ulitoka katika akiba za watu wa kawaida, wakiwamo Wajaluo waliokuwa wakifanya kazi mijini. Hapakuwa na mfadhili wa ng'ambo. Hata klabu za kandanda zilitoka katika mifuko hiyo ya kusaidiana. Ile iliyoitwa Abaluhya mwaka 1964 ndiyo AFC Leopards ya leo, na Gor Mahia ikafuata mwaka 1968. Serikali ya Moi ilipovipiga marufuku vyama vya kikabila mwaka 1980, majina yakabadilika, ofisi zikafungwa, na kazi ikahamia kwenye vikundi vidogo vidogo vya kijiji, vile ambavyo siku hizi vinaishi ndani ya WhatsApp. Kikundi cha mama wa Umoja ni mjukuu wa Luo Union, hata kama mwenyewe ni Mtiriki na hatapenda nimwambie hivyo.

Sasa niwasimulie aibu yangu.

Miaka ya 1990 mimi nilikuwa katibu wa kikundi cha vijana hapa Jericho. Tulifagia mitaro, tulikuwa na timu ya mpira, tulicheza michezo ya kuigiza kuhusu ukimwi. Kazi tulifanya, hilo siwezi kulikana. Tukasikia shirika fulani linatoa ruzuku kwa vikundi vya vijana. Nikakesha siku tatu nikiandika proposo, Kiingereza changu chote nikakimwaga pale. Neno "sustainability" nililiandika mara kumi na moja, nilihesabu baadaye. Wakatuita. Yule bwana aliyetupokea hakuifungua ile proposo hata kidogo. Aliomba daftari la mweka hazina.

Tulikuwa na daftari, lile la mazoezi la kurasa 48, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kurasa za katikati hazikuwapo. Mtu alizichana kuandika orodha ya mechi. Mahali pengine pameandikwa "mchango, 340", bila tarehe, bila jina. Mahali pengine pana doa la mafuta ya mandazi. Bwana yule alifunua taratibu, kama mtu anayesoma barua ya msiba, kisha akatuuliza: hizi 340 zilitoka kwa nani, na zilikwenda wapi? Tukatazamana. Hakuna aliyeiba, naapa. Lakini hakuna aliyejua. Tulirudi Jericho kwa miguu, na njiani tukamlaumu mfadhili kwa ubaguzi.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa ametutendea haki. Mfadhili hawajui ninyi, hakuona mitaro mliyofagia, hajui nani katika kundi lenu ana roho nzuri. Anachoweza kushika mkononi ni karatasi. Akiona kwamba shilingi 340 zenu wenyewe zimewapotea bila mwizi, atawapaje 340,000 zake?

Vikundi vilivyofanikiwa Eastlands, ukivichunguza, vilikuwa na kitabu kabla ya kuwa na mfadhili. MYSA, chama cha michezo cha vijana kule Mathare, kilianza mwaka 1987, na mwanzilishi wake, Bob Munro, ni Mkanada, kwa hiyo mtu ataniambia hao walikuwa na mzungu tayari. Ni kweli. Lakini tazama walichofanya. Timu iliyosafisha mtaa wake ilipata pointi, na pointi hizo zilihesabiwa kwenye jedwali la ligi pamoja na pointi za ushindi. Kijana aliyejitolea kufundisha wadogo alirekodiwa pointi zake pia, na pointi zikawa karo iliyolipwa moja kwa moja shuleni. Mtoto wa miaka kumi na miwili Mathare alijua kusoma jedwali na kubisha kama timu yake imeonewa. Kufikia 1992 walikuwa Rio de Janeiro, kwenye mkutano mkuu wa mazingira duniani, wakipokea tuzo ya Global 500 ya Umoja wa Mataifa. Ufadhili wa Wanorwe ulipokuja, ulikuta watu waliokwisha kuzoea kuhesabu. Na Mathare United, timu iliyotoka humo, ikatwaa ubingwa wa ligi kuu mwaka 2008. Samahani, mpira ukiingia mimi hupoteza njia.

Au nenda Huruma, mahali panapoitwa Kambi Moto. Muungano wa Wanavijiji, umoja wa wakazi wa mitaa ya mabanda, ulizaliwa mwaka 1996, wakati wa bomoabomoa, na silaha yake imekuwa akiba ndogo ndogo inayoandikwa: mwanachama anaweka alichonacho, hata kama ni shilingi kumi, na kinaandikwa katika kitabu chake na katika kitabu cha kikundi. Watu wa Kambi Moto waliweka hivyo, wakahesabu wenyewe nyumba zao na watu wao, wakaketi na Baraza la Jiji, na kuanzia mwaka 2003 wakaanza kujenga nyumba za mawe pale pale palipokuwa na vibanda vya mabati. Ni nyumba nyembamba, zinapanda juu kadiri mfuko unavyoruhusu. Mfuko wao wa mikopo, Akiba Mashinani, ulipokea pesa za wafadhili wa nje, lakini mlango wa mwanachama kuingilia ulikuwa akiba yake mwenyewe. Ukienda leo utazikuta zimesimama.

Hata serikali, pamoja na makosa yake, ililiona jambo hili. Mnakumbuka Hazina ya Uwezo? Mwaka 2013 kulikuwa na shilingi bilioni 6 zilizowekwa kwa ajili ya duru ya pili ya uchaguzi wa rais. Duru hiyo haikuwapo, na Septemba ya mwaka huo pesa zikageuzwa kuwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kuanzia shilingi 50,000 hadi 500,000. Masharti yake yalitaka kikundi kiwe kimesajiliwa, kiwe na akaunti ya benki, na wanachama wawe tayari wanachangishana kila mwezi na kukopeshana wao kwa wao. Pia kilitakiwa kipate mafunzo kabla ya kuona hundi. Masharti mazuri. Kilichotokea mashinani ni kwamba wengi walizipokea kama shukrani za kampeni, na mtu harudishi shukrani za kampeni.

Na hapa tutenganishe mambo mawili ambayo barazani huchanganywa. Uwezo ni mkopo, unarudishwa. Ule mfuko wa vijana wa 2006, ule wa wanawake wa 2007, na Hustler Fund ya Novemba 2022, yote ni mikopo. Ruzuku ni kitu kingine. Hairudishwi kwa pesa, hurudishwa kwa maelezo. Katika serikali, wengi mnaijua ile NGAAF iliyoanza 2015, inayopitia kwa mwakilishi wa wanawake wa kaunti, ndiyo inayowapa kina mama mahema na viti vya kukodisha. Nje ya serikali kuna Kenya Community Development Foundation, iliyoanza mwaka 1997, ambayo mimi huipenda kwa sababu moja: mara nyingi huwaambia watu, changeni ninyi kwanza, nasi tutaongezea juu ya mlichochanga. Kuna watu wanaouona utaratibu huo ni ukatili kwa maskini. Mimi nauona kuwa heshima. Mtu aliyechanga ana haki ya kuuliza pesa zimeenda wapi, na aliyepewa tu hunyamaza.

Chemchemi ya Hamisi, kwa mfano, haitakiwi kuombewa kila kitu. Mawe yapo. Mchanga upo mtoni. Mikono ipo. Kinachokosekana ni saruji, mabomba, na fundi anayejua kuyazuia maji bila kuyakimbiza upande mwingine, maana chemchemi ikizibwa vibaya hutafuta njia nyingine na kuwaacha na ukuta mkavu. Proposo yao inaweza kuwa ya kurasa nne. Ukurasa wa kwanza mseme chemchemi iko wapi, inanywesha nyumba ngapi, na nani alizihesabu. Mfadhili hupenda sana hilo neno la mwisho. Sehemu inayofuata ieleze kitakachojengwa na gharama zake, kila kitu na bei yake ya dukani Hamisi, siyo bei ya kubuni ukiwa Nairobi. Kisha mtaje mtakachotoa ninyi. Malizieni na nani atafagia na kukarabati mfadhili akishaondoka, na atalipwa na nini. Mkiandika kwamba kila nyumba itatoa shilingi ishirini kwa mwezi, onyesheni kwamba mmeanza kuzitoa.

Halafu karatasi. Tangu sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya mwaka 2022, kikundi cha watu kumi au zaidi husajiliwa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii katika kaunti yake ndogo. Huhitaji wakili. Unahitaji katiba ya kikundi, kumbukumbu za mkutano uliochagua viongozi, na orodha ya wanachama na nambari zao za vitambulisho. Nimeona vikundi vidogo vikikimbilia kusajiliwa kama mashirika makubwa, chini ya ile sheria ya mashirika ya manufaa ya umma iliyotiwa saini Januari 2013 na kulala miaka kumi na moja hadi ilipoanza kutumika Mei 2024. Ni sheria nzuri, na ilipiganiwa sana. Lakini inakuja na ripoti na wakaguzi wa hesabu, na kikundi cha watu ishirini wenye chemchemi moja kitachoka kabla ya kuchimba msingi. Vaa kiatu cha saizi yako.

Sasa mafunzo. Hapa naomba nichukue muda, kwa sababu hapa ndipo tunapopotea.

Nimehudhuria mafunzo mengi. Siku tatu hotelini nje ya jiji, kalamu mpya, mfuko wenye nembo, chai ya saa nne yenye sambusa mbili. Tumefundishwa kuchora lile jedwali la safu nne ambalo wafadhili hulipenda: unachotaka kufanya, alama za kuonyesha umefanya, mahali pa kuzithibitisha, na mambo usiyoyaweza ila unaomba Mungu yaende vizuri. Si jedwali baya, kwa kweli. Hiyo safu ya nne hasa inafaa kila mtu aijaze kabla ya kuoa. Lakini tazama nani hukaa kwenye vile viti. Ni mwenyekiti. Ni katibu, yaani watu kama mimi. Ni kijana anayejua Kiingereza na asiye na kibanda cha kufungua asubuhi. Mweka hazina hayupo. Mweka hazina ni mama anayeuza mboga Mutindwa au mitumba Gikomba. Akifunga siku tatu, watoto wake hula nini? Basi anayeshika pesa hafundishwi kushika pesa, na anayefundishwa hashiki. Tunarudi na vyeti, tunavitundika ukutani, na daftari linabaki lile lile lenye jedwali la kuzidisha.

Kuna pia suala la posho. Tumezoea kuuliza, "Semina ina nauli?" kabla ya kuuliza inafundisha nini. Siwalaumu watu, nauli ya Kayole kwenda mjini na kurudi si kitu kidogo kwa mtu wa kibarua. Lakini kuna watu hapa Eastlands ambao kazi yao ni kuhudhuria. Jumatatu ni vijana wa mazingira, Jumatano ni watetezi wa haki, Ijumaa ni wanariadha wa amani. Na wafadhili wanawajua, na wanawaalika tena, kwa sababu na wao wanahitaji majina arobaini kwenye orodha ya mahudhurio.

Mimi ningeomba mafunzo yaje kwa mama wa Mutindwa, siyo yeye ayafuate. Mwalimu aje sokoni saa tisa alasiri, wakati wateja ni wachache, akae juu ya gunia, afungue daftari la kweli la kikundi cha kweli, amwonyeshe: huku iliyoingia, huku iliyotoka, hapa jina, hapa tarehe, hapa risiti inabanwa. Saa moja kwa wiki, wiki nane. Halafu mwezi wa tatu arudi kuangalia. Hakuna hoteli, hakuna mfuko wenye nembo. Na afundishe kwa Kiswahili. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sasa kwa nini fomu ya kuombea mabomba mawili ya Hamisi iandikwe kwa lugha ambayo mwenye hesabu haisomi? Mfadhili anayetaka ukweli kutoka kwa mama wa sokoni amwulize kwa lugha anayohesabia.

Wafadhili nao wana dhambi yao nyingine, na mimi sitawaficha. Watalipia semina, watalipia fulana, watalipia bango lenye majina yao. Ukiwaambia mnadaiwa kodi ya chumba cha ofisi, au kwamba mweka hazina anastahili kitu kidogo, wanakunja uso. Wanataka nyumba isiyo na msingi. Redio ndogo kama Koch FM, iliyoanza Korogocho mwaka 2006 ndani ya kontena, ilipata vifaa kutoka kwa shirika la kanisa la Norwe, na vikawasaidia kweli. Lakini muulize mtu yeyote anayeendesha redio ya jamii: kipaza sauti hununuliwa mara moja, stima hulipiwa kila mwezi.

Na wafadhili huondoka. Wengine huondoka kwa barua, wengine kwa saini ya mtu mmoja aliye mbali. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa amri, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lao la misaada, USAID, likafungwa. Huku kwetu haikuwa habari ya kigeni. Kulikuwa na wasichana wa Korogocho na Viwandani katika mradi wa DREAMS, ulioendeshwa kwa pesa za Marekani za kupambana na ukimwi, wakikutana na kina dada wa mtaa waliowaongoza. Kulikuwa na wahudumu, wahesabu wa dawa, madereva. Barua ya kusimamisha kazi ilifika, na watu wakaambiwa wasije Jumatatu.

Mama wa Umoja, nakuomba utoke barazani kwako utazame nyumba za mtaa wako. Umoja ya kwanza ilijengwa miaka ya 1970 kwa mkopo uliodhaminiwa na hao hao USAID. Waliochukua nyumba hizo walilipa mwezi kwa mwezi, miaka na miaka. Shirika limefungwa, nyumba ziko, na zimeongezewa ghorofa hadi jua haliingii. Jirani zako wa Dandora nao, katika mradi wa mkopo wa Benki ya Dunia ulioanza 1975, walipewa kiwanja chenye choo na bomba, wakaambiwa mengine jengeni wenyewe. Wakajenga. Nao wamepandisha ghorofa, mno kuliko ilivyotakiwa, lakini hilo ni la siku nyingine. Ninachotaka uone ni kwamba pesa ya nje ilikuja mara moja, ikaweka kitu ambacho mtu angeweza kukijengea juu, na aliyekijengea alikuwa na deni au jasho lake ndani yake. Mradi wa fulana na bango hauna cha kupandishia ghorofa.

Kabla sijasoma jibu la mama, neno moja la tahadhari, kwa sababu simu zimekuwa nyingi. Ukipigiwa na mtu akakwambia kikundi chenu kimechaguliwa kupata ruzuku, mtume elfu mbili za fomu kwa M-Pesa, huyo si mfadhili. Ruzuku haina ada ya fomu. Na yule kijana wa mjini anayesema atawaandikia proposo kwa asilimia ishirini ya pesa zikitoka, mkatae hata kama ni mpwa wako. Ataandika kijiji chenye shida ambazo hamna, na mkipata pesa mtalazimika kutafuta hizo shida.

Haya. Jibu la mama. Amenitumia sauti, nami naisimulia kwa ufupi, maana nyuma kuna matatu inapiga honi na maneno mengine hayasikiki.

Anasema daftari haliko Nairobi. Liko Hamisi kwa mweka hazina, mwanamke mwenye duka dogo karibu na soko. Alimpigia simu usiku, akamwomba asome kila mstari. Akasoma. Mara ya mwisho limeandikwa Jumapili iliyopita. Benki kuna shilingi 11,400. Mkononi kuna 650, zimo kwenye kopo la majani ya chai. Wanachama watatu wanadaiwa mchango wa mwezi wa pili, na majina yao yameandikwa, mmoja wao akiwa mume wa mweka hazina mwenyewe.

Wasikilizaji, hapo nilicheka peke yangu jikoni. Mwanamke aliyemwandika mumewe kwenye orodha ya wadaiwa, mimi ningempa saruji bila kusoma proposo.

Kisha mama anasema mweka hazina alinyamaza kidogo kwenye simu, akauliza jambo. Mwezi uliopita wanaume kumi na wanne walibeba mawe kutoka mtoni siku tatu mfululizo, wakayapanga karibu na chemchemi. Hakuna aliyelipwa. Kina mama walipika uji na viazi vitamu, kila mtu akaleta chake. Hayo yote hayamo daftarini, kwa sababu hakuna pesa iliyoingia wala iliyotoka. Je, yaandikwe? Na yakiandikwa, yaandikwe upande gani?

Nilimpigia mama papo hapo. Nikamwambia yaandikwe, tena leo. Majina ya wale kumi na wanne, siku tatu zenyewe na tarehe zake, kibarua hulipwa ngapi kwa siku huko Hamisi, mawe yangeuzwa kiasi gani lori moja, uji na viazi vilikadiriwa ngapi. Yaandikwe upande wa iliyoingia, chini ya mchango wa wanachama, na kila mtu atie saini au dole gumba mbele ya jina lake.

Akaniambia, "Subiri kidogo, mtangazaji, nichukue kalamu."